Kabla Hujaniuliza Bei ya Kadi, Niambie Una Wati Ngapi

Kila wiki napata meseji za aina moja. "Bro, niko na ngiri kumi na tano, ninunue kadi gani ya grafiki?" "Walaal, RX 580 ama GTX 1650?" "Hii ya Eastleigh wanasema ni 1050 Ti original, nichukue?" Na wote huwa nawajibu kwa swali: una wati ngapi? Wengine wanaona naringa. Mmoja aliniambia kama sijui niseme tu sijui.

Sasa nimeamua kuandika yote mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Shida ya video nyingi za kuchagua kadi ni kwamba zimetengenezwa na watu ambao stima yao haizimi. Mtu yuko Toronto, amepanga kadi kumi mezani, anatuonyesha grafu ya fremu kwa sekunde, halafu anasema hii ndiyo bora kwa bei yake. Hajadanganya. Kwake ni kweli. Kadi ikikataa anairudisha dukani kesho, na chumba chake kina baridi. Sisi tuko Hagadera. Hapa Garissa kaunti mchana joto linapita nyuzi 35 bila kubisha hodi, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, na stima ni ya jenereta ya mfanyabiashara au sola yako mwenyewe. Ndiyo, najua Garissa kuna ile sola kubwa ya megawati 50 iliyozinduliwa Desemba 2019. Pongezi. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Bloku yetu bado tunasikiliza jenereta.

Kwa hivyo grafu za Toronto zinakuambia kadi gani ina mbio. Hazikuambii kadi gani itaishi hapa. Na pesa yenyewe ya kununua kadi hapa si pesa ya mchezo, hata kama ni ya gemu. Mara nyingi ni zamu ya ayuuto ya hooyo, ama abti aliyeko nje ametuma mara moja na hatatuma tena hadi mwaka ujao. Ukikosea unakaa na kipande cha chuma.

Haya, tuanze. Kabla ya bei kuna maswali matatu.

La kwanza: kompyuta yako ni gani? Wengi wetu tuko na zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za ofisi zilizotumika Ulaya, zile nyembamba. Ni mashine poa, lakini pawa saplai yake ni ndogo, nyingi ziko kati ya wati 180 na 255, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tena huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani ukaichomeka, kwa sababu Dell na HP mara nyingi hutumia plagi zao wenyewe. Hiyo maana yake kadi yako lazima iridhike na wati 75, ambazo ndizo sloti ya mothabodi inaweza kutoa. Na lazima iwe ya kimo kifupi, ile yenye bamba fupi, la sivyo kifuniko hakifungi. Angalia na unene pia. Kwa kesi zingine sloti iko karibu sana na pawa saplai na kadi nene haingii hata ukiiombea dua.

La pili: stima yako ni gani? Hapa ndipo watu huruka. Chukua mfano wa sola ya kawaida: betri moja ya asidi ya volti 12, ampea 100 kwa saa. Kwa karatasi hiyo ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hivyo hesabu 600. Inveta nayo inakula chake, tuseme umebaki na kama 510. Sasa gawanya:

Kompyuta nyembamba bila kadi, pamoja na monita, ukicheza gemu inakula kama wati 80. Unapata masaa sita na kitu.

Ile ile ikiwa na kadi ya wati 75, piga wati 150. Masaa matatu na nusu hivi.

Kompyuta kubwa yenye RX 6600, wati 230. Masaa mawili na dakika chache.

Kompyuta kubwa yenye RX 580, wati 300. Saa moja na dakika arobaini, na kama inveta yako ni ya wati 300 itakuwa inapiga kelele kama mbuzi.

Umeona? RX 580 kwa mtumba ni ya bei rahisi kuliko RX 6600, na ndiyo maana kila mtu anaitaka. Lakini RX 6600 ina mbio kuiliko na inakula wati 132 dhidi ya 185. Kadi ya bei rahisi inaweza kukulipisha kila siku. Dukani unalipa mara moja, kwa stima unalipa hadi siku utakayoiuza. Na kama uko kwa jenereta, mwenye jenereta naye ana macho. Akijua una kitu kinachokula stima kama friji, bei yako inabadilika.

La tatu: nani anakununulia? Wengi wetu hatuwezi kutoka kambini kwenda Nairobi bila kibali. Kwa hivyo kadi inanunuliwa na mtu mwingine, inafungwa kwa kaboni, inapanda basi, inafika hapa siku inayofika. Ile "waranti ya siku saba" muuzaji anayokuandikia haina maana yoyote kama kurudisha kadi kunataka mtu mwingine, nauli nyingine na bahati nyingine. Ndio nasema kwetu waranti ni yule mtu anayesimama dukani. Nitarudi kwa hilo.

Sasa ngazi za pesa. Bei za mtumba hucheza kila mwezi, kwa hivyo chukua hizi kama ngazi, usije ukanionyesha bei ya juzi ati nimedanganya.

NGAZI YA SUFURI: HUNA KITU

Usinunue kadi. Niko serious. Prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, kama i5-6500, iko na grafiki zake ndani, HD 530. GTA San Andreas inaenda. PES 2013 inaenda, na tuseme ukweli, nusu ya mtaa bado inacheza hiyo. Counter-Strike 1.6 inaenda hata ikiwa na homa. Hata Valorant, Riot wenyewe wameweka kiwango cha chini kuwa Intel HD 4000, ambayo ni ya zamani kuliko HD 530, ingawa hapo usitarajie zaidi ya fremu 30.

Kitu kimoja tu cha kununua kwa ngazi hii: RAM ya pili. Kama una kijiti kimoja cha GB 8, tafuta kingine kama hicho. Grafiki za ndani hazina memori yao, zinaazima RAM ya kompyuta, na vijiti viwili vinafungua njia mbili badala ya moja. Utaona tofauti bila kupima. Na haili stima ya maana.

NGAZI YA KWANZA: NGIRI TANO HADI NANE

Hapa utakutana na majina matatu: GTX 750 Ti ya 2014, GT 1030, na RX 550. Zote hazihitaji waya wa ziada. 750 Ti inakula wati 60, RX 550 kama 50, GT 1030 wati 30 tu.

Mtego uko kwa GT 1030. Ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina memori ya GDDR5. Ya 2018 ina DDR4, na memori yake inapitisha data GB 16.8 kwa sekunde badala ya 48. Jina ni hilo hilo, boksi karibu ni hilo hilo, kadi ni nyingine kabisa. Muuzaji akikuambia "ni 1030 tu, zote sawa", mwambie asante na uende. Maneno ya kutafuta ni GDDR5.

Mimi kwa ngazi hii, kama kompyuta yako ni ya kizazi cha sita na tayari una vijiti viwili vya RAM, ningekuambia subiri. Weka hizo ngiri sita, ongeza zingine baadaye. Lakini kama kompyuta ni ya kizazi cha nne ama chini, 750 Ti itakubadilishia maisha.

NGAZI YA PILI: NGIRI KUMI HADI ISHIRINI

Hii ndiyo ngazi yetu. Kama Hagadera ingekuwa na kadi yake rasmi ingetoka hapa.

GTX 1050 Ti ya 2016 ni mzee anayeheshimika. GB 4, wati 75, haitaki waya. Lakini jua kitu kimoja: Nvidia waliifungia draiva mpya za gemu Oktoba 2025, pamoja na 750 Ti na 1030. Zilizobaki ni apdeti za usalama hadi 2028. Gemu zako za leo hazitazima. Ila gemu mpya ikija na shida, hakuna wa kukurekebishia.

GTX 1650 ya 2019 ni ya kizazi kinachofuata, bado inapata draiva, GB 4, na nyingi zake ni wati 75 bila waya. Nasema nyingi kwa sababu kampuni zingine ziliweka plagi ya waya ili kuipa nguvu zaidi. Kwa kompyuta nyembamba tafuta ile isiyo na plagi na yenye kimo kifupi. Hii ndiyo ninayoitumia mwenyewe, na GTA V inaniendea vizuri tu.

RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 tu, ni nyembamba, inaingia kila mahali. Inavutia, si ndiyo? Ila ina njia nne tu za kuongea na mothabodi. Kwa mothabodi mpya si shida. Kwa OptiPlex zetu za zamani njia hizo nne zina kasi nusu, na kadi inapoteza mbio. Pia haina uwezo wa kurekodi skrini kwa kadi yenyewe. Kama unataka kucheza tu, sawa. Kama unataka kurekodi uweke klipu TikTok, kazi yote inaangukia prosesa, na prosesa ya OptiPlex itakulilia.

Na ukiweza kujikaza zaidi ya ngiri ishirini, kuna RTX 3050 ya GB 6, ya 2024, wati 70, haina waya. Kwa kompyuta nyembamba sijui ya kuishinda kwa pesa ya mtu wa kawaida. Lakini sikiliza vizuri: GB SITA. Ile ya GB 8 ya 2022 ina jina hilo hilo la RTX 3050, inakula wati 130 na inataka waya. Mtu wako wa Nairobi akichanganya hizo mbili, atakuwa amekuletea pambo la mezani.

NGAZI YA TATU: NGIRI ISHIRINI NA TANO KUENDA JUU

Hapa hununui kadi, unanunua familia nzima. Kesi kubwa, pawa saplai ya kweli ya wati 500 hivi, na stima ya kuilisha. Ukishapiga hesabu ya hivyo vyote ndio uniulize kuhusu kadi. Jibu langu ni RX 6600 ya 2021, GB 8. Kama unafanya kazi ya video ama 3D, RTX 3060 ya GB 12, ambayo inakula wati 170. Kama pesa si tatizo lako, RTX 4060 inakula 115 tu, lakini kama pesa si tatizo lako sijui unasoma hii kwa nini.

Na RX 580? Sijasema ni mbaya. Nimesema ni ya mtu mwenye stima ya Kenya Power. Pia kuna mtego: iko moja inaitwa 2048SP, ambayo kwa ndani ni kama RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Na nyingi zilizoko sokoni zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, mabohari yalifunguliwa na kadi zikamwagika duniani kote. Kadi iliyochimba si lazima iwe imekufa, lakini feni zake zimezunguka mchana na usiku, na ukiileta kwa joto letu na vumbi letu, ndio unaimalizia.

SASA YULE MTU WA NAIROBI

Kuna kijana wa bloku yetu alitumiwa kadi imeandikwa GTX 1050 Ti. Windows ikasema 1050 Ti. Gemu zikasema kitu kingine: fremu 9. Tulipoifungua programu ya GPU-Z ikaandika neno FAKE mbele ya jina. Ndani ilikuwa chipu ya zama za GTS 450, ya 2010, iliyobadilishwa bayosi ili idanganye jina lake. Muuzaji simu yake ilikuwa "mteja hapatikani". Zile pesa zilikuwa za miezi minane ya kubeba mizigo sokoni.

Kwa hivyo mtu wako akiwa dukani, hata kama hajui chochote kuhusu kompyuta, mpe kazi hizi nne kwa WhatsApp.

Moja, apige picha nyuma ya kadi, pale pa kuchomeka monita. Kadi inayoitwa 1050 Ti ikiwa na tundu la VGA, lile la bluu lenye pini nyingi, shuku hapo hapo. Kadi za kizazi hicho ziliacha VGA.

Mbili, muuzaji aichomeke kwa kompyuta na afungue GPU-Z, na mtu wako arekodi video moja isiyokatwa, kuanzia stika ya kadi hadi skrini.

Tatu, waiendeshe kwa jaribio zito kama FurMark dakika kumi na tano. Kama skrini inaweka madoa, ama joto linapanda bila kusimama, asante, kwaheri.

Nne, M-Pesa inatumwa baada ya video, sio kabla. Muuzaji akikataa hayo yote, amekujibu tayari.

Na mtu wako akilalamika ati unamsumbua, mwambie kwa heshima: "Abti, nisamehe, lakini hii kadi ikifika hapa haina njia ya kurudi." Ataelewa. Watu wetu wanaelewa mambo ya kutorudi.

Ikishafika, weka gadi ya voltage kama ile ya friji kati ya kompyuta na stima. Funga fremu kwa 60, monita yako hata haiwezi kuonyesha zaidi, na kadi itapumzika. Shusha nguvu ya kadi kidogo kwa MSI Afterburner, hutaona tofauti kubwa kwa gemu lakini utaiona kwa betri. Fungua kesi kila wiki mbili, tumia brashi laini. Usiweke kompyuta chini, vumbi letu hukaa chini.

Najua pia kuna wale watakaosema: mgao wa chakula umekatwa zaidi ya mara moja miaka hii, na wewe unaongea kadi za gemu? Mkimbizi na gemu wapi na wapi?

Nimelifikiria sana hilo swali. Hagadera ilifunguliwa 1992. Wengine wetu tumezaliwa hapa, na sasa wenzetu wanazaa hapa. Huwezi kumwambia mtu aishi miaka thelathini kwa dharura. Jioni lazima ifike, na vijana lazima wawe mahali fulani, na mimi naona heri wawe wanagombana kuhusu penalti ya PES kuliko mahali pengine ninapopajua na wewe unapajua. Isitoshe kadi inayocheza gemu ndiyo hiyo inayohariri video za harusi na kufunza mtu usanifu wa picha.

Lakini wanaouliza wana haki upande mmoja: pesa ya nyumba si ya kujaribia. Jirani yangu mmoja alipopewa zamu ya ayuuto ya mama yake afungue kibanda cha gemu, alitaka kompyuta kubwa na RX 580. Tulikaa na kalamu. Mwishowe alichukua EliteDesk na GTX 1650, na pesa iliyobaki ikanunua betri ya pili. Badala ya masaa matatu na nusu anafungua karibu saba. Watoto wanalipa mbao kwa mechi. Hajatajirika, na kuna siku za mawingu hafungui kabisa. Lakini zamu ya mama amekuwa akiirudisha kidogo kidogo, na kila jioni kibanda kina kelele.

Hiyo kompyuta haingeshinda grafu yoyote ya YouTube. Inawaka tu, kila siku, pesa ya mtu ikiwa salama ndani yake.

Kwa hivyo ukija kwa inbox, usije na bei. Fungua kesi, piga picha ya ile stika ya pawa saplai, niambie betri yako ni ampea ngapi, na nani anakununulia. Hapo tutaongea kadi.